Filamu imekuwa kungwi: Nani kaipa idhini ya kuwafunda wanetu?

Shukrani zote njema anastahiki Allah (SW), Mola aliyetuumbia masikio, macho na nyoyo, kisha akatufahamisha kuwa vyote hivyo vitaulizwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, masahaba zake na kila anayefuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Muislamu, mada yetu leo ni filamu. Huenda ukashangaa, ukasema filamu na mawaidha wapi na wapi. Hebu jiulize kwanza: katika wiki moja mtoto wako anakaa saa ngapi mbele ya ustadhi wa madrasa, na anakaa saa ngapi mbele ya runinga au simu? Ukishapata jibu la hesabu hiyo, utaona kuwa kunyamaza kuhusu filamu ni kuwaachia wengine wazungumze na watoto wetu peke yao. Mwandishi wa makala haya ni mtazamaji wa filamu wa miaka mingi, na asili yake ni ukanda wa Chiwata, wilayani Masasi. Nazungumza juu ya kitu ninachokijua.

Safari ya kusini

Tuanze na basi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Masasi na Newala alivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika ikichachamaa safari ilimeza siku kadhaa. Leo, alhamdulillah, unaondoka Mbagala alfajiri na jua likiwa bado liko juu unaona milima ya Masasi. Barabara imekuwa nyepesi. Kilichokuwa kizito ni kile kisanduku kinachoning'inia juu ya kichwa cha dereva.

Mzee amevaa kanzu yake, yuko na mkewe. Kiti cha mbele amekaa mkwewe. Nyuma yuko binti wa darasa la saba anayekwenda kwa bibi yake kumaliza likizo. Kondakta anaweka filamu. Kwa nusu saa ni vichekesho, watu wanacheka. Kisha chumba, taa hafifu, kijana na msichana. Ghafla abiria wote wanakuwa na hamu kubwa ya kutazama mikorosho na minazi iliyoko nje ya dirisha. Mzee anakohoa. Mkwe anajifanya amelala. Hakuna anayemwambia kondakta neno lolote. Tumelipa nauli, na juu ya nauli hiyo tumelipa haya yetu.

Kwa nini tunanyamaza? Kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayeona vibaya. Laiti watu 5 tu wangesema kwa upole, "Ndugu yetu, humu kuna wazazi na wakwe, tubadilishie," kondakta angebadilisha. Yeye ni mfanyabiashara, hana ugomvi na abiria wake. Kukataza maovu kumeanza kutushinda hata pale ambapo hakugharimu kitu ila kufungua mdomo.

Chiwata na banda la video

Sasa twende Chiwata yenyewe. Ni nchi ya vilima na mikorosho kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ambako Waislamu na Wakristo wanaishi nyumba kwa nyumba. Wamisionari wa Kianglikana waliingia Masasi tangu mwaka 1876, na Uislamu ukapanda kutoka pwani kwa njia za biashara na kwa juhudi za masheikh wa twariqa. Wamakua, Wamakonde na Wayao wa huko wana mambo mengi wanayohitilafiana, lakini jambo moja waliafikiana tangu zamani: mtoto hakui kwa kula ugali tu. Mtoto anafundwa.

Ndiyo maana ya jando na unyago. Sitaki hapa kuingia katika mjadala wa ni lipi katika mila hizo linalokubalika kisheria na ni lipi la kuachwa. Masheikh wameshalisemea sana, na yapo mengi ya kuachwa. Ninachotaka tukitazame ni utaratibu wake. Katika unyago kulikuwa na kungwi, na kungwi alikuwa mtu anayejulikana. Ana jina, ana nyumba, ana wajukuu. Akimfunda mwali jambo la upuuzi, wazazi wanajua pa kwenda kumuuliza. Pili, kulikuwa na umri. Siri za watu wazima hazikumwagwa mbele ya mtoto wa miaka 7. Tatu, kulikuwa na mlango: wa kike kwao, wa kiume kwao, na asiyehusika haingii.

Tazama sasa banda la video. Zamani ulikuwa mkanda na jenereta, kisha zikaja sidii, leo kijana anashuka mjini Masasi anajaziwa filamu chungu nzima kwenye memori kadi moja. Inapofika Oktoba na korosho zikaanza kuuzwa, fedha zinatembea kijijini. Hata mtoto aliyeokota korosho zilizodondoka ana sarafu mfukoni, na kiingilio cha banda hakimshindi. Saa 3 usiku utamkuta amekaa kwenye benchi, bega kwa bega na kijana wa miaka 25. Anafundwa mapenzi, anafundwa ulevi, anafundwa kisasi. Kungwi wake hana jina wala nyumba, na hana mjukuu katika kijiji kile. Hajui kama mwali wake ana miaka 8 au 18. Akishamharibu, utamdai nani?

Hili ndilo ninaloliita msiba. Wazee wetu hawakuona kuwa unyago haukufa. Umehamia bandani, umehamia simuni, na kungwi amebadilishwa bila wazazi kuulizwa.

Wewe uliyeko Temeke au Mbagala usidhani hili ni la shamba. Filamu inayooneshwa Chiwata imetengenezwa huko mjini kwenu. Na mwanao wa mjini hahitaji banda, kwa sababu banda liko chini ya mto wake wa kulalia.

Walijua nguvu yake kabla yetu

Ndugu msomaji, wenzetu waliitambua nguvu ya picha zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Baraza la Kimataifa la Wamisionari liliendesha mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35, zikapakiwa kwenye lori pamoja na jenereta, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi nchi zilizoitwa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu waliokuwa hawajapata kuona taa ya umeme walikusanyika gizani kutazama picha zinazotembea zikiwaambia namna ya kulima, kutunza afya na kulipa kodi.

Baada ya uhuru, serikali yetu nayo ilipotaka kueleza siasa ya Ujamaa, kampuni yake ya filamu ilitoa Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970. Mkoloni alitumia picha, mmisionari alitumia, Mwalimu alitumia. Kila aliyekuwa na jambo la kuwaambia watu aliijua njia hii. Sisi tulikuwa wapi? Wengi wetu tulikuwa tunajadili kama kuingia sinema kunabatilisha udhu.

Tusihukumu tusichokiona

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya ndugu zangu hawatalipenda. Kulaani filamu kwa ujumla wake, bila kuitazama wala kuuliza imesema nini, si ucha Mungu. Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah (SW) anatukataza kufuata jambo tusilo na elimu nalo. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, anatutaka tupeleleze habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Mfano mkubwa ni ule wa filamu ya The Message, aliyoitoa Moustapha Akkad, Muislamu mzaliwa wa Syria, mwaka 1976. Akkad alisimulia kuanza kwa Uislamu bila kuonesha sura ya Mtume (SAW) wala kusikilizisha sauti yake. Alitengeneza filamu mara mbili, ya Kiingereza na ya Kiarabu, kwa waigizaji tofauti. Katika ya Kiingereza Anthony Quinn aliigiza nafasi ya Hamza, ami yake Mtume (SAW). Ilipokaribia kuoneshwa Marekani kukaenea uvumi kuwa Quinn ameigiza kama Mtume mwenyewe. Machi 1977 watu 12 wenye silaha, wakiongozwa na Hamaas Abdul Khaalis, waliteka majengo matatu mjini Washington wakashikilia mateka 149. Wengi wa madai yao yalihusu mauaji ya familia ya kiongozi wao yaliyotokea mwaka 1973, lakini dai mojawapo lilikuwa filamu hiyo iondolewe. Mwandishi wa habari mmoja aliuawa. Waliosaidia kuwatuliza ni mabalozi watatu wa nchi za Kiislamu, wa Misri, Pakistan na Iran, waliokaa nao na kuwasomea aya za Qur'an.

Filamu iliyogombewa hivyo ndiyo hiyo hiyo ambayo leo inaoneshwa katika nyumba za Waislamu kila Ramadhani, na watoto wetu wengi wamemjua Bilal na Hamza kwa hiyo. Damu ilimwagika kwa sababu, pamoja na mengine, watu waliamini uvumi juu ya kitu wasichokiona. Na Akkad mwenyewe alikufa Novemba 2005 kwa mabomu yaliyolipuliwa hotelini mjini Amman, yeye pamoja na binti yake, mikononi mwa watu waliodai kuupigania Uislamu. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Huyo huyo Akkad mwaka 1981 alitoa filamu juu ya Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'an wa Libya aliyepigana na Waitaliano mpaka wakamnyonga. Italia iliizuia mwaka 1982. Dola nzima, yenye jeshi na ndege, iliona haya mbele ya filamu moja. Kwa upande wa pili, msomi Jack Shaheen wa Marekani, ambaye wazazi wake walitoka Lebanon, alipitia filamu zaidi ya 900 na mwaka 2001 akachapisha kitabu kuonesha jinsi Hollywood ilivyomchora Mwarabu: gaidi, tajiri mjinga, au mnunuzi wa wanawake. Shaheen hakupiga kelele tu. Alikaa akazitazama moja baada ya nyingine, akaandika. Kwa hiyo hoja yake haikuweza kupuuzwa. Huko ndiko kupeleleza tulikoamrishwa.

Mizani ya mtazamaji

Basi Muislamu atazame vipi? Nitatoa mizani ya maswali matatu, na nitapima filamu zetu za Tanzania kwa mizani hiyo.

Swali la kwanza: Je, filamu inasema kweli juu ya dhulma? Chukua Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021 na ikapelekwa na Tanzania kuwania tuzo za Oscar. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na inahusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa mwanamume asiyemtaka, anakimbia, anakutana na Denge, kijana anayepinga ukoloni. Wapo Waislamu waliochukizwa. Mimi nasema tugawe mambo mawili. Malalamiko ya Yasmin ni malalamiko ya haki, na kabla Adam Shafi hajaandika wala Shivji hajashika kamera, Mtume (SAW) alishayasikiliza. Imam Bukhari ameipokea habari ya Khansa bint Khidam, ambaye baba yake alimuoza bila ridhaa yake, akaenda kwa Mtume (SAW), naye akaibatilisha ndoa ile. Hilo ndilo jibu la dini: binti ana pa kwenda, na anasikilizwa. Jibu la filamu, la kukimbilia mapenzi ya nje ya ndoa, hilo silo letu. Lakini mzazi anayemkasirikia Yasmin ajiulize kama yeye amemuuliza binti yake kabla ya kupokea posa. Asipofungua mlango wa Khansa, ameufungua mlango wa Yasmin kwa mkono wake.

Shivji huyo huyo alitoa T-Junction mwaka 2017. Fatima amefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye, na huko hospitali anakutana na Maria, anayemsimulia habari za watu wa mtaani kwake, maskini walioishi kama ndugu. Hakuna bastola wala jumba la kifahari. Kuna mgonjwa na anayekaa kumsikiliza. Ndugu zangu, katika hadithi qudsi tunaambiwa kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa kwa nini hakumzuru Mola wake alipokuwa mgonjwa, kwa maana ya kumzuru mja Wake. Kama filamu inatukumbusha kukaa kitandani pa mgonjwa asiye wa dini yetu wala kabila letu, nayo imesema kweli.

Swali la pili: Je, filamu inaonesha malipo ya dhambi, au inaifanya dhambi iwe tamu na nyepesi? Watoto wa bandani wana msemo wao: steringi hafi. Atalewa, atazini, ataua watu 20, na mwisho wa picha yuko hai na gari jipya. Hiyo ndiyo sumu kubwa kuliko hata uchi, kwa sababu inafundisha kuwa hakuna hesabu. Linganisha na Bahasha ya Jordan Riber ya mwaka 2018, inayohusu mtumishi wa umma na rushwa. Humo rushwa haimwishii aliyeipokea. Inaingia nyumbani kwake na kwa majirani. Sisi tunafahamu kuwa mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa kwa ulimi wa Mtume (SAW). Filamu imeonesha namna laana inavyotembea.

Mwaka huo huo ilitoka Fatuma, juu ya mwanamke mkulima mdogo na binti yake. Kila Muislamu wa ukanda wa korosho na aitazame. Mwanamke anapalilia, anaokota, anabangua, anaanika. Siku fedha zinapoingia baada ya mnada, wapo waume wanaozifuata benki peke yao, na nyumbani wanarudi wakiwa na simu mpya, redio kubwa, au mke mwingine asiyekuwa na chumba cha kulala. Kisha tunamwambia mke asubiri, kwa kuwa subira ina malipo. Subira ina malipo, ndiyo, na dhulma nayo ina malipo. Hilo la pili hatulisemi. Khutba ngapi za Ijumaa umesikia msimu wa korosho zikimwambia mwanamume kuwa jasho la mkewe ni amana?

Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, ilisimulia wanawake wanne wa Dar es Salaam: madeni, kipigo ndani ya ndoa, uchungu wa kukosa mtoto. Yamo ndani yake mavazi na maisha nisiyoyakubali. Lakini mwanamke anayepigwa na mumewe na kuficha alama kwa ushungi yupo pia katika safu zetu za nyuma msikitini. Nani atamsemea? Kama sisi hatumsemei, tusishangae akienda kutafuta maneno yake katika filamu.

Swali la tatu: Filamu ikiisha, inakuacha na nini? Mtume (SAW) ametufahamisha kuwa macho nayo yana zina yake, na zina hiyo ni kutazama. Kama umetoka na matamanio ambayo hukuingia nayo, au umemdharau mkeo kwa sababu hafanani na msichana wa kwenye kioo, umepata hasara, hata kama hadithi ilikuwa na mafunzo. Na kama umetoka ukamkumbuka mama yako uliyemwacha kijijini, ukampigia simu, umepata faida.

Na tuukumbuke mwisho wetu. Aprili 2012 Steven Kanumba, aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa filamu za Kitanzania, alifariki akiwa na miaka 28. Maelfu walijaa Leaders Club, Kinondoni, kumuaga. Vijana waliokuwa wakisema steringi hafi walilia barabarani. Hakuna mawaidha yaliyowafikia vijana wa nchi hii kwa nguvu kama msiba ule, na ni masheikh wachache waliokuwa tayari kuwapokea katika huzuni yao. Tulikuwa tumeshajitenga na ulimwengu wao, basi hata siku walipouliza habari za mauti hawakutuuliza sisi.

Kanzu ya mganga

Yako malalamiko moja ninayoyasikia sana vijiweni: filamu zetu zinamchafua Muislamu. Ni kweli. Tangu zilipoanza kuvuma filamu za majini kama Nsyuka ya mwaka 2003 na Shumileta ya mwaka 2005, zote za Mussa Banzi, soko la hofu limekuwa kubwa. Jini anakuja na sura ya mwanamke mzuri, watu wanahangaika, wanakimbilia kwa mtabibu. Na katika filamu nyingi za namna hii, mtu mwenye kanzu, kofia, tasbihi na ubani hakuwekwa pale kuwa mwalimu wala hakimu mwadilifu. Amewekwa kuwa mganga.

Sisi tunaamini kuwapo kwa majini, kwani Qur'an ina sura nzima yenye jina lao. Lakini hatuyaogopi kuliko Mola aliyeyaumba, na tumeambiwa kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza, sala yake ya siku 40 haikubaliwi. Kwa hiyo filamu inayomfanya mpiga ramli kuwa mwokozi inabomoa tauhidi.

Lakini tuseme ukweli mbele ya Allah (SW). Mtunzi wa filamu aliitoa wapi picha ile? Tembea Kariakoo, tembea Masasi mjini karibu na stendi, soma mabango kwenye nguzo za umeme: Sheikh fulani, anarudisha mpenzi aliyepotea, anaongeza mshahara, anafunga biashara ya adui. Mabango hayo hayakubandikwa na watengeneza filamu. Yamebandikwa na watu waliosoma katika vyuo vyetu, wanaosali katika misikiti yetu, na sisi tunawapa mkono wa salamu. Filamu imepita mtaani kwetu ikakuta kanzu imevaliwa na mganga, ikapiga picha. Tukitaka picha ibadilike, kwanza tumvue yule kanzu.

Tufanye nini?

La kwanza, tuanze nyumbani, maana katika Suratut Tahrim, aya ya 6, tumeamrishwa kujikinga sisi na watu wetu na moto, na Mtume (SAW) ametufunza kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa. Mzazi atazame pamoja na mwanawe. Ukimfukuza sebuleni ataenda kutazama mahali usipomwona. Mkiona jambo baya, mweleze ubaya wake hapo hapo, bila matusi. Huko ndiko kuwa kungwi wa mwanao.

La pili, ni banda. Katika vijiji vyetu wapo wanaosema banda lichomwe. Hapana. Mara nyingi mwenye banda ni kijana wetu, pengine yatima, anayelisha wadogo zake kwa kiingilio kile. Ukichoma banda umeongeza mwizi kijijini, na filamu umeiacha salama ndani ya simu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu zikaguliwe kabla ya kuoneshwa hadharani, na Bodi ya Filamu inapanga umri wa watazamaji. Wazee wa msikiti, wazee wa kanisa na serikali ya kijiji wakae na kijana huyo, wakubaliane: saa za watoto ziishe kabla ya magharibi, filamu za watu wazima watoto wasiingie, na wakati wa adhana sauti ipunguzwe. Akitii, tumsaidie. Mleteeni The Message, mleteeni Omar Mukhtar, mleteeni hata Fatuma, na wazazi wenyewe waende kulipa kiingilio.

La tatu, tuwe na watu wetu. Waislamu wa nchi hii wana hadithi kuliko mchanga wa pwani. Safari za walimu waliotembea kwa miguu kutoka Lindi na Mikindani kupanda hadi Newala wakiwa na msahafu na kibuyu cha maji, nani ameitengenezea filamu? Wajane wanaosomesha watoto kwa mikorosho 20, nani amewasimulia? Kijana anayejua kushika kamera anapokuja msikitini, tunamuomba apige picha za harusi tu. Tumchangie, kama tunavyochangia mabati na mazulia, atengeneze filamu moja ya kweli, isiyo na uchi wala mganga, ambayo mzee na mkwewe wanaweza kuitazama ndani ya basi kutoka Mbagala hadi Masasi bila mtu kugeukia dirisha.

Ndugu Muislamu, mtoto wa Chiwata ataketi usiku wa leo mbele ya kioo, akitaka tusitake. Ametega macho na masikio, na moyo wake bado ni mweupe. Kuna mtu atakayemfunda. Mbele ya Allah (SW) haitatusaidia kusema kuwa hatukumjua kungwi huyo, kwa sababu sisi ndio tuliomwachia mlango wazi.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, tupe ulimi wa kukataza maovu kwa hekima, na utujaalie tuwe wenye kusema kweli na kuipenda kweli kila tunapoiona. Amin.

Wabillahi tawfiq.